Kumlea Karanga kwa muda: maswali tunayoulizwa kila wiki

Karanga ni mbwa jike wa kienyeji, rangi yake karanga iliyokaangwa, sikio moja limesimama na la pili limelala. Tulimwokota ufukweni Kunduchi chini ya mtumbwi uliopinduliwa, akiwa na kilo 7 na kupe wasiohesabika. Leo ana kilo 11. Daktari wa mifugo alimfunua mdomo akasema amevuka miezi saba, maana meno ya ukubwa yametoka yote, ila mwaka bado. Amekaa kwangu wiki sita. Sasa nasafiri kikazi, naye hajapata nyumba ya kudumu, ndiyo tukatangaza kwamba tunatafuta mlezi wa muda. Tangu hapo simu haipoi, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Sisi ni watu sita tu wa Dar es Salaam tunaookota mbwa wa mtaani na kuwatafutia nyumba. Hatuna kituo, hatuna uzio, hatuna gari lenye maandishi ubavuni. Tunategemea nyumba za watu.

Kulea kwa muda ndiyo nini? Mbwa napewa au naazimwa?

Unaazimwa. Mbwa anabaki chini ya kikundi mpaka apate mtu wa kumchukua moja kwa moja. (Neno "kuasili" tumewaachia watoto wa binadamu, maana lina sheria na mahakama zake.) Wewe unatoa mahali pa kulala, chakula, usalama, na kitu kimoja ambacho hakiuzwi dukani: macho yako.

Mbwa wa barabarani haji na historia. Hatujui kama aliwahi kuishi na paka, kama anaogopa fimbo, kama akiachwa peke yake anatulia au anatafuna mlango. Atakayemchukua atauliza hayo yote, na mtu pekee anayeweza kumjibu bila kubahatisha ni yule aliyelala naye nyumba moja. Kwa hiyo kila mlezi tunampa daftari la kurasa themanini, lile la kawaida la shule. Kila jioni andika mistari mitatu: amekula nini, kipi kimemtisha, kipi kimemfurahisha. Hatuhitaji insha.

Mnasema ni mpole. Mpole kiasi gani?

Hapa niseme ukweli, kwa sababu neno hilo limetuletea matatizo mara nyingi.

Wiki ya kwanza Karanga alikuwa mpole kupita kiasi. Alijibanza kati ya friji na ukuta, ukimshika sikio hasemi kitu, ukimfungua mdomo anakuachia. Wageni wakawa wanasifu, "Huyu mbwa ana adabu!" Haikuwa adabu. Alikuwa ameganda kwa woga. Mkia ulikuwa umebanwa tumboni, masikio yamelala nyuma, weupe wa macho unaonekana pembeni. Alikuwa anapiga miayo wala hana usingizi, analamba midomo wala hakuna chakula, na ukimkazia macho anageuza uso. Hizo zote ni sentensi za mbwa, na maana yake ni moja: naomba uniachie nafasi.

Wiki ya pili aliiba kandambili yangu. Wiki ya tatu akambwekea muuza maji, nami nilimshukuru Mungu, ingawa muuza maji hakuona cha kushukuru. Ndipo mbwa mwenyewe alipoanza kujitokeza. Na kweli, chini ya ule woga kulikuwa na upole. Dagaa anaipokea mkononi kwa midomo, haonyeshi jino. Akimkuta mtoto mdogo analala chini kwanza, kisha anasogea kwa tumbo. Akicheza na mbwa mwingine akasikia mwenzake amelia, anaacha hapo hapo.

Kwa hiyo jibu ni kwamba ni mpole, lakini kwako ataanza upya. Atarudi kwenye kona kwa siku kadhaa. Usimtoe kwa nguvu ili "azoee". Na siku akinguruma usimchape. Mbwa aliyefundishwa kwamba kunguruma ni kosa, siku akizidiwa atauma bila kutoa taarifa. Rudi nyuma, halafu andika kwenye daftari kilichotokea kabla ya ile ngurumo.

Nimepanga. Naweza kumchukua?

Unaweza, mradi mwenye nyumba amekubali kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha. Wapangaji wenzako nao waulize kabla, usiwashtukize. Nyumba za uani zenye geti moja ambalo kila mtu hulisukuma na kuliacha wazi hazimfai Karanga kabisa. Ghorofani panafaa ukiwa tayari kumteremsha mara tatu kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Anayetoka alfajiri na kurudi saa tatu usiku, na nyumbani hakuna mtu, tunamwomba atusaidie kwa njia nyingine.

Sisi ni Waislamu. Au: majirani zangu ni Waislamu. Itakuwaje?

Swali hili watu huliuliza kwa sauti ya chini, na hakuna haja. Pwani hii wengi ni Shafi'i, na kwa madhehebu hayo mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami. Wamaliki wana mtazamo mwepesi zaidi. Hukumu yenyewe muulize shehe wako, sisi si watu wa kutoa fatwa.

Tunaloweza kusema ni jinsi walezi wetu Waislamu wanavyofanya, nao tunao. Mbwa ana banda na baraza yake ya nyuma, haingii chumba cha kuswalia. Vyombo vyake ni vyake, vya plastiki nyekundu ili mtoto asichanganye. Nguo ya kazi ya mbwa inatundikwa nje. Mmoja wao hupenda kukumbusha wageni hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba tope kwa kiu, akateremka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Baada ya hapo mjadala huisha, chai inaendelea.

Kwa majirani, heshima ni jambo dogo lenye uzito. Kwangu kuna babu hupita kwenda msikitini alasiri. Saa hiyo Karanga namshika mimi, simwachii akamnuse kanzu. Babu naye hunisalimu kutoka mbali, "Hajambo mlinzi wako?"

Siku ya kwanza nifanye nini?

Kidogo sana. Tutamleta sisi, mchana, kwa gari lililofungwa. Bajaji iko wazi kila upande, mbwa mwoga ataruka. Muonyeshe maji, sehemu ya kujisaidia, na mahali pa kujificha. Basi. Usimwogeshe siku hiyo. Usiite majirani waje kumwona. Usimuinamie kichwani, kaa chini ubavu ukiwa umemwelekea, endelea na simu yako. Akija kukunusa, mwache anuse amalize.

Waokoaji wa mbwa wana hesabu yao: siku tatu za kuchanganyikiwa, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Si amri iliyoandikwa kwenye jiwe, lakini inasaidia usikate tamaa Jumatano kwa mbwa uliyempokea Jumapili.

Alale wapi? Nimfunge mnyororo?

Mnyororo hapana. Najua desturi ya wengi mjini ni mbwa kufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku alinde. Kwa mbwa mchanga anayejifunza kwamba binadamu si adui, saa kumi na mbili za kutazama ukuta wa mabati zinafuta kazi ya wiki nzima. Tena banda la mabati Dar es Salaam mwezi wa Februari ni tanuri. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mbwa naye yumo, si ng'ombe wa maziwa peke yake.

Karanga amezoea gunia lililokunjwa mara nne kwenye baraza ya ndani, mahali anapoona mlango. Atakuja na gunia lake.

Anakula nini? Lazima ninunue chakula cha dukani?

Si lazima. Kile cha mifuko ni kizuri ila kwa bei yake ungemlisha mtoto wa shule. Karanga anakula hivi, mara mbili kwa siku: ugali laini wa dona, dagaa waliochemshwa, na mchicha au karoti kidogo. Dagaa waoshe maji mawili au matatu kwanza kutoa mchanga na chumvi. Siku mbili kwa wiki badala ya dagaa ni mapupu au utumbo, uchemshwe uive. Protini iwe nyingi kuliko unavyodhani. Kosa la nyumba nyingi ni kumpa mbwa ugali mtupu wenye harufu ya mchuzi, halafu watu wanashangaa manyoya yananyonyoka.

Vya kumnyima: vitunguu vya aina zote, chokoleti, zabibu, na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka kama vijiti na kuchoma utumbo. Kwa hiyo masalia ya pilau la sikukuu, lenye vitunguu na mifupa pamoja, si zawadi.

Jingine nalisisitiza kwa sababu watu hulichukulia mzaha: mahindi yaliyoota ukungu. "Haya hatuli sisi, mpe mbwa." Sumukuvu haichagui. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na ini la mbwa halina nguvu kuliko la mtu. Unga usioula wewe, mwage.

Gharama ni za nani?

Chanjo, dawa, upasuaji na nauli ya kwenda kwa daktari ni za kikundi. Chakula ni chako. Ukikwama sema mapema, tutachangishana. Usimpeleke mbwa kwa daktari bila kutupigia kwanza, isipokuwa ni dharura ya kweli.

Kichaa cha mbwa je? Naogopa.

Uoga wako una sababu. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa. Lakini huu ni ugonjwa wenye kinga kamili. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na njia yenyewe ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Kuwapiga risasi au kuwawekea sumu hakusaidii: wanaokufa nafasi zao hujazwa na wengine wasiochanjwa.

Karanga alichanjwa wiki tano zilizopita, na cheti chake kitakuja naye. Chanjo hurudiwa kila mwaka. Kila 28 Septemba, siku ya dunia ya kichaa cha mbwa (ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895), sehemu nyingi maofisa mifugo huchanja bure. Mpeleke na mbwa wako wa nyumbani.

Hata hivyo hatufichi kitu. Virusi vinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa, mara nyingi hadi miezi mitatu na mara chache zaidi, kabla mbwa hajaonyesha lolote. Mbwa aliyeumwa kabla hatujamwokota anaweza kuugua hata baada ya chanjo. Ndiyo maana tunakuomba uangalie mabadiliko. Watu wanangoja mbwa anayetoka povu na kukimbiza magari. Kipo pia kichaa cha kimya: taya limelegea, mate yanachuruzika, hawezi kumeza, miguu ya nyuma inayumba, au mbwa mkali amegeuka ghafla mnyenyekevu. Ukiona hivyo usimtie mkono mdomoni kutafuta "mfupa uliokwama". Mfungie alipo, utupigie.

Na ukiumwa, au mate yakiingia kwenye kidonda, hata kama ni mbwa aliyechanjwa: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 ukitazama saa, si kwa kukadiria, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake mafuta ya taa, maji ya betri, wala unga wa mti wowote. Mbwa asiuawe. Atatazamwa siku kumi, na hali yake ndiyo itakayomsaidia daktari.

Kupe na wadudu wengine?

Kupe wa Dar hawana msimu wa likizo. Mkague kila jioni: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja. Kumchoma kwa njiti au kumpaka mafuta ya taa kunamfanya ateme uchafu wake ndani ya mbwa. Na tafadhali, dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumike kwa kukadiria na kifuniko cha chupa. Tumeshampoteza mbwa mmoja hivyo, kwa mikono yetu wenyewe, miaka ya mwanzo tukidhani tunajua.

Homa ya kupe ndiyo inayotuamsha usiku. Karanga akikataa chakula milo miwili, funua mdomo utazame fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, au mkojo ukiwa wa rangi ya soda nyeusi, au pua inatoa damu, usisubiri asubuhi.

Kuna pia nzi anayetaga mayai kwenye mchanga wenye unyevu na nguo zilizoanikwa. Funza wake huingia chini ya ngozi, unaona kijipu chenye tundu katikati. Paka mafuta mgando mazito, funza atakosa hewa atachungulia, ndipo umkamue taratibu. Shuka na gunia vikikauka vipige pasi. Hii ni kwa faida yako pia, maana nzi huyu hatofautishi.

Amepata joto la kutaka dume akiwa kwangu. Nifanyeje?

Tunatarajia hutafika huko, upasuaji wa kufunga kizazi umepangwa akifikisha kilo 12. Ila mbwa jike huweza kupata joto la kwanza tangu miezi sita. Utaona uvimbe na damu, nayo huchukua wiki mbili hadi tatu. Katika wiki hizo asitoke hata dakika bila kamba, kwani madume wa mtaa mzima watajua kabla yako, na ukuta wa futi tano kwao si kitu. Mimba ni kama siku 63, na watoto sita wa kutafutiwa nyumba ni kazi ya mwaka.

Baada ya upasuaji atavaa koni ya plastiki shingoni, ya kumzuia asilambe kidonda, siku 10 hadi 14, hakuna kukimbia, hakuna kuoga.

Anajisaidia ndani.

Mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Akifanya nje msifie pale pale. Akifanya ndani, pangusa ukae kimya. Kumsugua pua kwenye mkojo wake kunamfundisha jambo moja tu, kwamba akiwa na haja akufiche.

Nina watoto wadogo.

Anawapenda. Lakini watoto wafundishwe kwanza wao: asiamshwe akiwa amelala, asisogelewe akiwa anakula, asikumbatiwe shingoni, asipandwe. Mtoto chini ya miaka sita asiachwe naye peke yake, hata dakika ya kwenda kuepua sufuria. Sisemi hivi kwa ajili ya Karanga hasa, ningesema hivyo kwa mbwa yeyote na mtoto yeyote.

Habweki sana. Mbwa gani huyo? Ataweza kulinda?

Ukitafuta mlinzi, ajiri mlinzi. Karanga akiona mwizi huenda akamwonyesha friji ilipo. Hata hivyo mbwa wa kienyeji wana masikio makali, na kwangu amekuwa akisimama mlangoni kabla sijasikia geti. Wanaopiga simu wakitaka "wa kutisha" tunawaaga kwa amani.

Kelele za mtaani atazistahimili?

Adhana ya alfajiri wiki za kwanza aliiitikia kwa kulia kwa sauti ndefu. Hadhihaki wala haoni jini, sauti ndefu ya juu humfanya mbwa aitike kama anavyoitikia mbwa wenzake. Sasa ameacha. Ngoma za daku hajawahi kuzisikia akiwa na sisi, kwa hiyo Ramadhani ikimkuta kwako andika alivyopokea. Kinachomtoa roho ni fataki. Mkesha wa mwaka mpya afungiwe chumba cha ndani, redio iwe juu, pazia zishushwe, kola yenye namba ya simu iwe shingoni tangu saa kumi jioni.

Akitoroka?

Nianze na langu. Mbwa wa kwanza kulea alinitoroka siku ya pili. Nilifungua geti kupokea mtungi wa gesi, mkono mmoja na mtungi, mwingine na pesa, na mbwa akapita katikati ya miguu yangu kama maji. Nikafanya kosa la pili: nilimkimbiza huku nikipiga kelele za jina alilopewa jana yake. Alikimbia mpaka Mbuyuni. Tulimpata baada ya siku nne, nyuma ya banda la chipsi, amenenepa.

Usimkimbize. Chuchumaa, mpe mgongo, tupa dagaa. Akishapotea machoni, tupigie, waambie vijana wa bodaboda na mama lishe (hao ndio wanaoona kila kitu mtaani), na weka gunia lake nje ya geti pamoja na nguo uliyoivaa. Wengi hurudi usiku mtaa ukitulia. Kwa Karanga sharti letu ni milango miwili: asiwe huru uani wakati geti linafunguliwa, na wiki mbili za kwanza kamba isitoke hata ndani ya uzio.

Kwa nini inachukua muda mrefu hivyo? Si mumpe tu mtu anayemtaka?

Wanaomtaka wapo. Wengine walimtaka kwa picha, wakaja, wakauliza kama atakua mkubwa. Wengine walitaka jike wa kuzalisha. Tunatembelea nyumba kabla hatujasema ndiyo, na hilo linawaudhi baadhi.

Kwa sasa familia moja inayohamia Ujerumani imeonyesha nia, ila haijaamua, na nyumba waliyomo Dar hairuhusu wanyama. Wakisema ndiyo, kuna kalenda isiyobembelezeka. Kwa mbwa anayetoka Tanzania, Umoja wa Ulaya unataka kwanza awekewe chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kisha achanjwe kichaa, na si mapema kuliko wiki 12 za umri. Zipite angalau siku 30, ndipo atolewe damu ikapimwe kwenye maabara waliyoithibitisha, kiwango cha kinga kisipungue uniti za kimataifa 0.5 kwa mililita. Kuanzia siku ya kutolewa damu anasubiri miezi mitatu kamili. Ukichanja kabla ya chipu, unaanza upya. Karanga alitiwa chipu siku moja na chanjo, chipu kwanza. Damu inaweza kutolewa wiki hii. Kwa hiyo tunakuomba miezi mitatu na ushee. Akipatikana mtu wa hapa hapa anayefaa, itakuwa wiki chache tu.

Nikimpenda nikataka abaki?

Hutokea. Wawili kati yetu sita tuna mbwa waliokuja "kwa muda". Mlezi tunamsikiliza kabla ya mwingine yeyote, mradi aseme kabla familia nyingine haijakubaliwa. Ila jua kwamba akibaki, nafasi moja ya kulea imefungwa, na chini ya mitumbwi kuna wengine. Sikusemei uamue nini. Mimi mwenyewe nimejiuliza usiku mara nyingi, na nisingekuwa nasafiri usingekuwa unasoma haya.

Siku ya kuondoka itakuwaje? Si atadhani nimemtupa?

Atakutafuta siku mbili tatu, atakaa mlangoni. Halafu atakula. Tumeona hivyo kila mara, na walezi ndio wanaochelewa kupona kuliko mbwa. Unachoweza kufanya ni kumrahisishia: asubuhi hiyo mtembeze mpaka achoke, chakula kiwe nusu ili asitapike njiani, usimuage kwa kilio kirefu kwa sababu atausoma mwili wako kama tangazo la hatari. Kwenye mfuko wake weka cheti cha chanjo, dagaa za siku tatu, daftari, na lile gunia. Gunia usilifue.